Kamba (prawns) wa pwani wanakaa mtoni ama baharini?

Kijana wa Dunga: Niaje wasee, nauza samaki hapa Kisumu, juzi nilienda harusi Malindi wakanipeleka pale mto Sabaki unaingia baharini. Maji rangi ya chai ya maziwa, ungedhani ni mto Nyando imefurika, nikaonja nikapata chumvichumvi. Kurudi jioni maji yameenda, imebaki matope na ndege. Mama mmoja ako na kamba na kaa kwa ndoo moja ananiambia kamba wanazaliwa baharini wanakuja kulelewa mtoni. Huku samaki anaitwa ningu ndio anapanda mto mvua ikinyesha akatage, sasa hii ya pwani inaenda aje?

Mkipini Kondele: Ni kinyume cha ningu wenu. Kamba jike anataga huko nje, watoto wanabebwa na maji ya kujaa mpaka kwa mikoko, pale chakula ni kingi na samaki wakubwa hawapenyi kwa mizizi, wakikua wanarudi bahari. Na hiyo chumvi haikai pahali pamoja. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, ya bahari ni mazito yanapita chini, ya mto yanaelea juu. Wakati wa bamvua, ile maji kujaa sana mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4!

Kijana wa Dunga: Mita 4?? Huku ziwa linangoja upepo lilete gugumaji.

Mama Budalang'i: Sisi Nzoia ikifurika tunalala kwa tuta la barabara na kuku, nyinyi wa pwani mafuriko mnayapenda?

Mkipini Kondele: Yakiwa ya kiasi, ndio mama. Mto ukiwa na nguvu unasukuma chumvi nje na kuleta udongo wa mikoko. Kule kwetu Ozi, karibu na mdomo wa mto Tana, wazee walilima mpunga bila pampu, bahari ikijaa inazuia maji ya mto, maji baridi, yale hayana chumvi, yanapanda yenyewe mpaka shambani. Siku hizi Tana ikipungua ni chumvi ndio inapanda. Ukame uko, na mabwawa pia yako huko juu, kama lile la Masinga la 1981.

Kijana wa Dunga: Sasa mtu anajuaje ni maji gani yamefika shambani?

Mkipini Kondele: Ulimi tu. Babu alikuwa anachota kwa kiganja, anaonja, anatema, ndio anafungua mfereji. Kuna siku alichelewa kuonja, wiki moja tu miche ikakauka ncha kama imepitiwa na moto.