Tupeane uzoefu: darasa ulilosoma ukiwa safarini ugenini, na pale ulipoumbuka

Mtoa mada
Ndugu zangu, salaam. Jana nilikuwa nikipanga kabati nikakutana na aproni niliyopewa Chiang Mai, Thailand, nilikokwenda kwa mkutano, nikabakiwa na siku moja ya mapumziko na kulipia darasa la upishi. Mwalimu alitupeleka kwanza sokoni, kisha kila mmoja akapewa kinu cha jiwe atwange pilipili, mchaichai na vitunguu saumu mpaka vilainike kabisa. Wenzangu walichoka mapema. Mimi nikajisifu mbele ya wote kwamba nimekulia kwenye kinu na mchi, na katikati ya majigambo hayo nikajipangusa jicho kwa mkono wa pilipili. Kila aliyejifunza chochote akiwa safarini, iwe upishi, lugha au kazi ya mikono, naomba atusimulie.

Mla Urojo
Nilisoma darasa kama hilo hukohuko, na jicho langu ni shahidi.

Mwana wa Pwani
Anayezingatia halali aulize kabla ya kulipa, kwa maana baadhi ya viungo hutiwa sufuriani kabla hujatambua ni nini.

Kijana wa Kariakoo
Mada hii imenigusa pabaya. Safari yangu ya kwanza ya Guangzhou nilifuata mzigo wa vifaa vya simu, na kwa kuwa nilichoka kulipa mkalimani kila siku, nikajiandikisha darasa la Kichina la wiki mbili, jioni tu, karibu na Xiaobei, mahali ambapo Waafrika wengi hufikia. Mwalimu alitueleza tangu siku ya kwanza kwamba lugha ile ina toni nne, na kwamba neno "mai" likitamkwa kwa sauti inayoshuka kisha ikapanda maana yake ni kununua, bali likishushwa kwa mkato maana yake ni kuuza. Nikaandika daftarini, nikaona nimeshaelewa.

Siku ya nane nikaingia dukani bila mkalimani, nimeshika chaja moja niliyoichukua duka jingine kama sampuli. Nikamwambia mwenye duka, kwa sauti ya kujiamini na ya kushuka kwa mkato, kwamba nataka "mai" hii. Akaigeuzageuza, akaitazama waya, akachukua kikokotoo akaandika 2. Yuani mbili! Kule nilikotoka walikuwa wameniambia saba. Moyo ukanidunda, nikaandika 500 kwenye kikokotoo hichohicho, naye akatikisa kichwa kukubali, akaita vijana wawili, nao wakasimama mlangoni wakitazama nyuma yangu. Nikangoja waniletee mzigo; wao wakangoja niwaletee mzigo. Tulitazamana hivyo muda mrefu, mimi nikinyoosha kidole kwenye rafu zao, yeye akinyoosha kidole kwenye begi langu, na sauti zikaanza kupanda hadi majirani wa maduka mengine wakajaa. Aliyeniokoa ni kaka mmoja Mkongomani aliyekuwa akipita, akaniuliza kwa Kiswahili cha Lubumbashi ninauza nini. Nikamjibu kwamba siuzi kitu, nimekuja kununua. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akamweleza mwenye duka, na duka zima likaangua kicheko isipokuwa mimi.

Mla Urojo
Wewe ndiye uliyetaka kuuza chaja 500 ambazo huna! Nimecheka hadi chai imenimwagikia.

Mwanafunzi wa Wuhan
Hata kimaandishi maneno hayo yanafanana: "kuuza" ni herufi ileile ya "kununua" ikiwekewa kialama cha msalaba juu yake. Ushauri wangu ni kwamba usijaribu lugha sokoni kabla ya miezi mitatu.

Dada wa Tandale
Mimi nashauri kinyume chake: uijaribu siku hiyohiyo, kwa sababu aibu hufundisha kuliko daftari. Kijana, hatimaye ulinunua kwa bei gani?

Mtoa mada
Tusihamie kwenye bei za chaja, tafadhali. Turudi kwenye madarasa.

Mpenda Buni
Mimi nilijifunza Addis Ababa, kwa mama mwenye nyumba niliyopanga. Alinionyesha namna ya kuosha na kukaanga buni, kuitwanga na kuichemsha kwenye jebena, birika lao la udongo la kahawa. Nilipomaliza kikombe cha kwanza nikashukuru na kusimama niondoke. Kumbe duru ni tatu, abol, tona na baraka, nami nilikuwa naikimbia baraka yenyewe.

Msema Kweli
Naomba nitofautiane nanyi. Madarasa haya ya saa tatu ni biashara ya utalii. Unapigwa picha, unapewa cheti ambacho hakuna mwajiri atakayekisoma, unarudi nyumbani hujui lolote. Fundi hapatikani kwa saa tatu.

Mama Batiki
Mwanangu Msema Kweli, pole pole. Nimetengeneza batiki kwa miaka ishirini na kuwafundisha akina mama wenzangu, tukitumia brashi, mihuri ya sponji, nta na kostiki. Nilipokwenda Yogyakarta, Indonesia, nikalipia darasa la siku moja, nikiamini nitakwenda kuwasahihisha. Nikapewa canting, kikopo kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba na mpini wa mti, ambacho unakichovya kwenye nta ya moto kisha unaandika nacho juu ya kitambaa kama mtu aandikaye kwa kalamu. Mstari wangu wa kwanza ulikatika, wa pili ukavimba, na wa tatu uliniangukia pajani. Bibi aliyenifundisha, mkubwa kwangu kwa umri, aliupuliza mdomo wa canting kuuzibua, akanirudishia bila kusema neno. Siku ile moja ilinionyesha kwamba miaka yangu ishirini haikuwa na mstari mwembamba hata mmoja. Usidharau.

Msema Kweli
Shikamoo Mama. Sikukusudia wewe. Hata hivyo, kwa nini tuwalipe Waindonesia watufundishe kitenge chetu wenyewe?

Mwalimu Mstaafu
Hapo umejikwaa. Katika karne ya 19 Waholanzi waliiga batiki ya Java, kisiwa cha Indonesia, kwa mashine, na nguo zile zikapata soko Afrika Magharibi. Kampuni ya Vlisco, watengenezaji wa vitenge, ilianzishwa mwaka 1846 mjini Helmond, Uholanzi. Kitenge kina ukoo huko Java.

Msema Kweli
Kwa hiyo na kanga nayo ni ya Waholanzi?

Mwalimu Mstaafu
Nimesema kitenge, bwana. Kanga ina historia yake ya Unguja na Mombasa. Soma nilichoandika.

Mwana wa Pwani
Jamani, tumeombwa visa vya kuumbuka, nanyi mnaumbuana humuhumu.

Kijana wa Kariakoo
Dada wa Tandale, nilinunua kwa yuani sita katika duka lilelile. Mpaka leo nikiingia, yule mwenye duka hunyoosha mkono kuomba chaja zake 500.

Dada wa Tandale
Mama Batiki, je, canting inaweza kuchongwa hapa nyumbani?

Mama Batiki
Niliipeleka ya mfano kwa fundi mmoja pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Nne za kwanza midomo ilikuwa mipana, nta ikamwagika kama uji. Ya tano inaandika, ingawa mpini wake huungua, nami huufunga kitambaa.