Mkonge wa Tanga: wakataji watatoka wapi?

Mwanahale: Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Lengo la serikali lilikuwa tani 120,000 za mkonge kufikia 2025. Ekari zinahesabiwa, miche inahesabiwa, korona, zile mashine za kutoa nyuzi kwenye majani, zinadaiwa kila kikao. Wakataji je? Mkonge si korosho, unakatwa mwaka mzima, na jani likikatwa linataka korona upesi. Anayepanda leo ataanza kukata baada ya miaka mitatu hivi. Nani anapiga hesabu ya watu wa siku hiyo?

Kitwana: Watatoka Kigoma kama zamani. Mwaka 1964 tulivuka tani 230,000 na watu walipatikana. Vijana wa Tanga tunawajua, kahawa na baraza.

BintiMuheza: Kitwana, la baraza lifute. Kaka yangu kakata mkonge miaka sita. Umeiona mikono ya mkataji? Mwiba wa ncha ya jani ukikuchoma unavimba, utomvu unawasha hadi usiku. Anafunga majani thelathini thelathini, fungu likipungua halihesabiwi. Sasa yuko kwenye bodaboda. Huo ndio uvivu?

Kitwana: Sijamtaja kaka yako, dada. Ila hata mkoloni aliwakosa wenyeji, akaleta manamba, vibarua wa mkataba kutoka mbali.

MzeeKorogwe: Mwanangu, neno hilo litaje kwa adabu. Baba yangu ni Muha, aliletwa kwa mkataba na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua wa mkonge, akapewa namba na kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30. Wenyeji hawakwenda kwa sababu walikuwa na mahindi yao, na waliwauzia haohao wa kambini. Uvivu uko wapi hapo?

Kitwana: Shikamoo mzee. Nakubali hilo. Lakini leo ni leo.

Mwanahale: Leo ndiyo niliyouliza! Mzee amelijibu swali langu bila kukusudia. Idadi ya wakataji haitokani na ekari peke yake. Mvua za masika zikianza, mtu anarudi kwao kupanda mahindi. Bodaboda ikilipa zaidi ya fungu, anaacha panga. Hesabu isiyoanza na ujira ni ya kujidanganya.

Mpwani77: Basi ije mashine ya kukata, tumalize.

MzeeKorogwe: Mkulima wa ekari tano atailipia na nini?

BintiMuheza: Ya mashine tutafika. Kitwana, umemwamkia mzee vizuri, lakini neno lako kuhusu vijana wa Tanga bado liko palepale juu. Lifute.