Mbegu za stroberi hazioti, siku ya 13 leo, nakosea wapi?

MamaKijani
Wakuu habari za jioni. Mwenzenu nimeingiwa na wazimu wa stroberi. Nilinunua pakiti supamaketi tukala nikabakiza nne, nikakwangua vile vimbegu vya juu na kisu, nikavianika kwenye tishu siku mbili nikapanda kwenye ndoo iliyokatwa, udongo na samadi nusu kwa nusu. Nikafukia vizuri kabisa, namwagilia asubuhi na jioni. Mpaka leo kilichoota ni mchicha pori tu 😩 Niko Kimara, Dar. Mume wangu kila akirudi anauliza jemu itakuwa tayari lini. Halafu nimeona mtandaoni wanauza mbegu za stroberi za bluu, kuna aliyejaribu?

Msambaa_Shambani
Pole dada. Siku 13 bado, hizi si mchicha, ni wiki 2 mpaka 3 na nyingine zinafika hata wiki 6. Ila kosa lako ni hapo kwenye kufukia. Mbegu ya stroberi inataka mwanga ndo iote, unaimwaga juu ya udongo uliolowa unaigandamiza na kiganja basi, na maji unapulizia kwa chupa, ukimwaga na kopo zinazama zote. Tena mbegu za stroberi zina usingizi, bila kupitia baridi zinaota moja moja kwa kujivuta. Mi nazikausha nazifunga kwenye karatasi ndani ya kikopo chenye mfuniko, friji ya chini (SIO friza) wiki 3 au 4. Na hiyo samadi punguza, kitalu hakitaki chakula kingi, ukijumlisha na maji ya mara mbili kwa siku utaletewa kinyausi, jioni umeacha miche imesimama asubuhi unaikuta imelala imeoza shingo. Ilinikuta trei nzima, nilikaa chini.

Za bluu hazipo duniani, ile picha imepakwa rangi. Usitume hela.

Karanja_wa_Limuru
Huku kwetu hakuna mkulima anapanda mbegu. Zile za supa nyingi ni chotara, unaweza ngoja miezi sita na zaidi halafu upate tunda dogo chachu, haifanani na mamake hata kidogo. Tafuta mtu ako na mmea umpatie pesa kidogo akukatie zile kamba zinatambaa, kale kamche kako kwa ncha kakigusa mchanga kanatoa mizizi, ukikapanda kanazaa kama mama yake. Na Dar joto ni jingi bana, huku Limuru tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi ndio maana inakubali.

Bibi Bustani
Karanja usimkatishe tamaa mwenzio, mbegu ina raha yake. Mwanangu tafuta mbegu za ile stroberi ndogo ya mwituni, vitunda kama ncha ya kidole ila harufu yake inajaza chumba, hiyo ukipanda mbegu inarudi ileile. Kwa joto la Dar weka ndoo ipate jua la asubuhi tu, mchana kivuli, chini ya miche tandaza majani makavu udongo usichemke.

MamaKijani
Jamani asanteni, kumbe nilizizika hai 😂 Nimenunua pakiti nyingine nimekausha, ziko friji tangu jana, nimeandika juu ya kikopo SI PILIPILI MANGA maana nyumba hii naijua. Baba watoto kafungua friji kaniuliza hii ndo jemu yenyewe?

Msambaa_Shambani
Hahaa. Siku ya kuzitoa usifungue kikopo hapohapo, kiache kwanza baridi iishe zisipate unyevu. Zikifika majani matatu ya ukweli (usihesabu vile vijani viwili vya kwanza) ndo uhamishe, na ule moyo wa mche pale majani yanapochomozea uache juu ya udongo. Nakujua wewe kwa kufukia.