Kutoa bodi ya Land Rover kwenye chesisi ukiwa peke yako: inawezekana au nitaumia?

Dereva_wa_Maziwa (Lanet, Nakuru)

Wakuu, hamjambo. Nina Land Rover Series IIA, ile fupi ya inchi 88, ya mwaka 1966, petroli. Marehemu baba aliinunua 1974 kwa mzungu aliyekuwa anauza shamba Subukia, akaibebea pareto kutoka Molo mpaka magoti yakamkatalia. Mimi nimeendesha malori ya maziwa miaka thelathini na moja. Nimestaafu, nina miaka 61, na nimeamua kuifufua kabla haijageuzwa banda la kuku. Kusema kweli kuku walishaanza. Nimeokota mayai sita nyuma ya kiti.

Shida ni chesisi, ile fremu ya chuma ya chini inayobeba gari lote. Kwa juu gari linaonekana zima, maana bodi ni alumini na haishiki kutu ile nyekundu. Lakini shuka chini uone! Nimeugonga kwa nyundo ndogo mwimo wa nyuma kabisa, ule mhimili wa chesisi unaokatisha kutoka ubavu hadi ubavu, nyundo ikazama kama kidole kwenye andazi. Ule mkono unaobeba ukuta wa dashibodi upande wa kulia umebaki magamba. Fundi wa kuweldi hapa Free Area amekubali kazi, ila hataki kuona bodi. Anataka chesisi tupu.

Je, mtu mmoja anaweza kuitoa? Nasema mmoja kwa sababu mwaka jana niliita vijana wanne tutoe paa. Tulipatana saa mbili, wakafika saa sita. Wakamaliza sufuria ya githeri, wakainua paa kwa kelele nyingi, wakaliangusha juu ya boneti. Jioni nikahesabu spana, ya 9/16 haipo. Ilikuwa ya baba. Mama watoto amesema nikiwaita tena nipike mwenyewe.

Nina jeki ya chupa ya tani tano, jeki ndefu ya meno, mtaimbo, mbao za mjengo zilizobaki, na mapipa manne ya lita 200 ya kukingia maji ya mvua. Mparachichi upo karibu, una tawi zuri. Cheni bloku, ule mnyororo wa kuinulia mizigo, sina. Paa, milango na boneti vimeshatoka. Sina haraka.

Fundi_Kibuye (Kisumu)

Mzee, salamu kutoka Kisumu. Tawi zuri liachie parachichi.

Mimi nilitoa bodi ya Volkswagen Beetle kwa mwembe, nyumbani kwetu. Tawi nene kama paja langu, cheni bloku ya kuazima, kamba mpya. Ikapanda vizuri mpaka usawa wa goti, nami nikaanza kujisifu. Kisha nikaona majani yanatikisika na upepo hakuna. Nilikuwa nimesogea kuchukua maji ya kunywa, ndiyo maana niko hapa naandika. Tawi lilikatika pale linapoungana na mti. Ndani mlikuwa unga mtupu, mchwa walikuwa wamemaliza zamani. Bodi ikaangukia ubavu. Mlango wa dereva haukufunga tena mpaka siku niliyoiuza, na mnunuzi nilimwambia ukweli, akapunguza bei akicheka.

Ushauri wangu: tafuta nguzo tatu za mkaratusi, zifunge juu ziwe miguu mitatu, kodisha cheni bloku siku moja, inua bodi yote mara moja. Chimbia miguu kidogo isiteleze.

Springi_za_Kitale

Pole kwa mwembe, ndugu wa Kibuye, lakini hapo utampoteza mzee. Volkswagen unaivua kama kofia, kipande kimoja. Land Rover ya Series imeungwa kwa bolti kipande kwa kipande: madigadi mawili na fremu ya rejeta mbele, ukuta wa dashibodi ambao ni chuma, boksi la viti katikati, halafu sanduku la nyuma. Ilipoanza kutengenezwa 1948 chuma kilikuwa cha mgawo kule Uingereza baada ya vita, wakatumia alumini, na paneli nyingi ni bapa tu. Ukiiinua nzima, hapo penye milango hakuna cha kuishikilia zaidi ya boksi la viti. Itajikunja kama katoni iliyonyeshewa.

Mzee, nimezitoa tatu, mbili nikiwa pekee yangu. Siri ni moja: usifikirie kuinua bodi. Ipe bodi mahali pa kukaa, kisha uiondoe chesisi chini yake. Chesisi ina magurudumu, bodi haina. Anayetakiwa kusafiri ni nani?

Toa terminali za betri kwanza. Kisha tangi la petroli, liko chini ya kiti cha kulia. Limwage, litoe, lipeleke mbali na grenda. Madigadi na rejeta vitoke. Boksi la viti lina bolti ndogo nyingi sana. Usizibembeleze, zikate, mpya ni za bei ndogo. Sasa ukitazama nyuma, sanduku limebaki limeshikwa na safu ya bolti kwenye mwimo wa nyuma na chache kwa mbele, kwenye mikono ya chesisi. Chomoa waya za taa za nyuma na ule mpira wa kujazia petroli. Wengi husahau mpira, halafu wanashangaa kwa nini kona moja haitaki.

Hapo ndipo mapipa yako yanaingia. Pitisha mbao mbili imara chini ya sanduku, zivuke gari kutoka ubavu hadi ubavu, ndefu kiasi cha kutokeza nje ya matairi. Pandisha kona moja moja: jeki, sentimita tano, kigogo, nenda kona inayofuata. Usipandishe upande mmoja ukauacha mwingine chini. Mbao zikifika juu ya mapipa, unaisukuma chesisi ielekee mbele. Kumbuka, mbele, si nyuma. Ukiirudisha nyuma, injini na vijiti vya gia vitalibeba sanduku lako.

Dereva_wa_Maziwa

Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimelala chini ya gari na tochi. Kumbe ni kweli, haishikani! Miaka yote hii nilidhani ni kitu kimoja.

Bolti za nyuma zimekataa. Penye alumini na chuma pamejaa unga mweupe, kama chumvi. Nimemwagia dizeli siku mbili. Nichome moto?

Mwalimu_wa_Ufundi (Kakamega)

Baba, moto hapana. Huo unga mweupe ni alumini yenyewe. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Ukichoma, chuma kitakuwa bado hakijakaribia kuyeyuka na alumini imeshayeyuka; alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, chuma hupita 1,400. Kata vichwa kwa grenda, diski nyembamba, na nyuma yake weka gunia lililoloa maji.

Kabla hujakata chochote, toa simu upige picha, kila mpira na kila waya. Ukiunganisha baada ya mwaka hutakumbuka.

Jingine la karatasi. Namba ya chesisi kwenye gari lako imepigwa kwenye pembe ya mbele upande wa kulia, karibu na springi inapoanza. Futa grisi, isome, ilinganishe na iliyo kwenye logbook. Huyo fundi wako akianza kukata kutu, pembe hiyo asiiguse. Niliwahi kuona kijana ameisaga ikawa laini kabisa, anaona amefanya usafi.

Na mapipa yajaze maji. Pipa tupu husogea ukiligusa kwa goti. Lenye lita 200 lina kilo mia mbili, halina habari na wewe.

Dereva_wa_Maziwa

Wakuu, imetoka. Niwaelezee, maana hapa nyumbani wamechoka kunisikiliza.

Boksi la viti lilichukua siku mbili. Springi wa Kitale alisema kweli, nilibembeleza bolti nne, zilizobaki nikazikata. Lilipotoka nikakuta chini yake, pale bati lilipokunjwa, maua ya pareto. Makavu, yamebanana, rangi ya tumbaku. Nikayasugua kwa vidole nikanusa. Harufu imebaki kidogo sana, lakini ipo. Baba alikuwa anarudi nayo nguoni kila Ijumaa. Nikakaa kidogo. Kisha nikayatia kwenye kikopo cha majani ya chai, nikaendelea.

Alhamisi nikajaza mapipa. Ijumaa saa mbili nikaanza kupandisha. Kona ya kulia nyuma, sentimita tano, kigogo. Nikazunguka. Kushoto nyuma, kigogo. Mbele, vivyo hivyo. Kazi yenyewe haina nguvu, ina kutembea. Nilihesabu, nimelizunguka lile gari mara ishirini na saba. Kila ukitoka chini unasikiliza, na kila kigogo unakisukuma kwa mti, si kwa mkono. Mikono yangu haikuingia katikati hata mara moja, nawaapia.

Kosa nililofanya ni hili. Nilipoona sanduku limeachana na chesisi kwa upana wa kiganja, nikafurahi, nikatoa mawe kwenye magurudumu nikasukuma. Likaenda futi moja, tap! Tairi la nyuma limegonga mbao ya mbele. Sanduku lote likacheza juu ya vigogo. Nilisimama kama nguzo ya stima. Ni jambo la wazi hata mtoto angeliona: tairi ni refu kuliko chesisi, na mbao imekaa mbele yake. Nikarudisha, nikaweka mawe, nikapima. Tairi lina sentimita 73, pipa lina 88. Kwa hiyo mbao lazima zifike juu ya pipa ndipo tairi lipite, hakuna njia ya mkato. Nikaanza tena kuzunguka.

Saa kumi jioni mbao zilikuwa juu ya mapipa, zimefungwa kwa kamba ya katani. Nikatoa handibreki, ambayo haishiki tangu enzi za Moi lakini mazoea ni mazoea, nikaegemeza bega kwenye mwimo wa nyuma. Chesisi ikaenda. Taratibu, kama ng'ombe anayetoka zizini. Sanduku likabaki hewani, kuku wawili wakapita chini yake mara moja kuchunguza.

Ukuta wa dashibodi ulinitesa Jumamosi. Bolti zile ndefu za miguuni zimekuwa kitu kimoja na mikono ya chesisi. Niliona zisinichezee, nikapitisha diski katikati. Usukani, paipu za breki na klachi, waya wa spidomita, vyote nilishatoa na kupiga picha, Mwalimu. Kuushusha ule ukuta, Mama watoto alishika upande mmoja kama dakika mbili. Mimi sihesabu huo kuwa msaada. Yeye anauhesabu, na amewapigia simu dada zake.

Namba ya chesisi inasomeka na inalingana na logbook. Pembe hiyo nimeipaka rangi nyekundu, na fundi wa Free Area nimemwambia akiigusa tumekosana.

Imebaki kitu kimoja. Kwenye mwimo wa mbele kuna chuma cha mviringo, kimesimama wima ndani ya tundu, mikono ya usukani inashikana nacho juu na chini. Fundi anataka kitoke. Nimeanza kukigonga kwa nyundo ya kilo nne tangu asubuhi na kinaonekana kama kinataka kufunguka mfuniko.

Springi_za_Kitale

Mzee, weka nyundo chini SASA. Ndani ya hicho chuma kuna springi kali imebanwa. Mfuniko ukitoka vibaya inaruka na kila kilichomo. Nimeona moja imetoboa bati la gereji. Kisifunguke kikiwa kwenye gari. Toa bolti zinazokishika kwenye mwimo, kisukume kizima kutoka chini kwa jeki ya chupa, polepole, na kabla ya hapo kifunge gunia na waya. Usiweke uso juu yake. Umekigonga kiasi gani?

Dereva_wa_Maziwa

Kiasi. Nimeacha. Nimekaa juu ya pipa, upande ule mwingine wa boma.

Fundi_Kibuye (Kisumu)

Kaa hapo hapo mzee. Kuna basi la saa tatu usiku, nitakuwa Nakuru kabla ya kesho kupambazuka. Nitakuja na spana zangu, na githeri nitakula nyumbani kabla sijatoka.