Sh2-308 haitoki: saa 4 za picha, naambulia ukungu tu

kilimia_dom
Habari wakuu. Naomba msaada kwenye Sh2-308, lile puto la oksijeni linaloizunguka nyota WR 6 katika kundinyota la Mbwa Mkubwa. Vifaa: darubini ya lenzi ya mm 61, urefu wa fokasi mm 360, kamera ya rangi ASI533MC Pro, geini 100 (kiwango cha kukuza mawimbi ya sensa), sensa imepozwa hadi nyuzi -5, kichujio cha mikanda miwili (H-alfa, mwanga wa haidrojeni, na OIII, mwanga wa oksijeni), nm 7 kila mkanda. Ni nje ya mji wa Dodoma, anga daraja la 4 la Bortle (kipimo cha giza la anga; 1 ndiyo giza kabisa, 9 ni katikati ya jiji). Fremu 240 za sekunde 60: nusu usiku wa giza, nusu mwezi ukiwa asilimia 70. Kwenye chaneli ya kijani, usuli (mwangaza wa anga tupu) ukishatoa biasi (thamani ya msingi ya kamera) ni 20 usiku wa giza na 64 usiku wa mwezi (faili za biti 16). Sikuditha, yaani sikusogeza darubini kidogo kati ya fremu. Duara linaonekana kwa taabu upande mmoja, na picha nzima ina michirizi ya mshazari kama mvua. Niongeze saa au kuna ninapokosea?

AngaLaKusini
Mkuu, asante kwa kuleta vipimo, maana majibu mengi yamo humo humo.

Kwa geini 100, kamera hiyo hutoa takriban hesabu 1 kwa kila elektroni kwenye biti 14, na faili la biti 16 huizidisha mara 4. Kwa hiyo 20 yako ni elektroni 5, na 64 ni elektroni 16. Kelele ya usomaji (ile ambayo kamera yenyewe huongeza kila inaposoma fremu) ni kama elektroni 1.5, kipeo chake cha pili 2.25. Jumlisha: usiku wa giza 7.25, usiku wa mwezi 18.25. Ukigawanya unapata 2.5. Maana yake saa moja ya mwezi ina thamani ya dakika 24 za giza, na zile saa zako mbili zimekupa dakika 48 tu.

Mwanga wa mwezi unaotawanywa na hewa umeelemea upande wa bluu. OIII iko nm 500.7, inaumia sana. H-alfa iko nm 656.3, inavumilia. Puto hili nguvu yake karibu yote iko kwenye OIII, kwa hiyo lipige mwezi ukiwa umezama. Usiku wa mwezi hamia wingu la gesi IC 2177 hapo jirani, ambalo ni la haidrojeni.

Urefu wa fremu: lenga usuli wa elektroni zisizopungua mara 10 ya 2.25, yaani 22 na kitu. Wewe unapata 5 kwa sekunde 60, hivyo unahitaji kama sekunde 270, weka 300. Kwa sekunde 60, kelele ya usomaji inakulazimisha kupiga muda mrefu zaidi kwa asilimia 45 kufikia ubora uleule; kwa sekunde 300 inabaki asilimia 9. Nyota angavu zitaungua, kwa hiyo piga fremu 30 za sekunde 15 bila kichujio kwa ajili ya rangi za nyota, uziunganishe mwishoni.

Halafu usiogope kamera ya rangi. OIII inaangukia pikseli za kijani na za bluu, yaani tatu katika kila nne. Kwa puto hili kamera ya rangi ni chombo kizuri kabisa.

mhimili_sawa
Naongezea kuhusu michirizi. Hiyo haitoki angani. Ni kasoro za kudumu za sensa: nyota zinateleza polepole kwenye fremu kwa sababu mhimili wa stendi haujalenga ncha ya anga sawasawa, na ukishapanga fremu kwa kufuata nyota, kila pikseli mbovu inachora mstari. Hata ukifika saa 20 itabaki. Dawa ni kuditha: darubini isogezwe kidogo, pande zisizo na mpangilio, kila baada ya fremu. Kwako pikseli moja ni sekunde-tao 2.15 (sekunde-tao ni 1/3600 ya nyuzi). Kama kamera yako ya kufuatilia iko kwenye darubini ndogo ya mm 120 yenye pikseli za mikroni 3.75, pikseli yake moja ni sekunde-tao 6.4, kwa hiyo ditha ya pikseli 3 kwenye PHD2 (programu ya kufuatilia nyota) inakupa kama 9 kwenye picha. Inatosha.

Kulenga ncha sasa. Dodoma ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, na Sigma Octantis, nyota iliyo karibu na ncha hiyo, yenye mng'ao hafifu wa ukubwa 5.4, inamezwa na vumbi. Achana nayo. Tumia ulengaji wa pointi tatu wa programu ya N.I.N.A., unaofanya kazi sehemu yoyote ya anga, hadi kosa lishuke chini ya dakika-tao 2.

Stendi nyingi zimetengenezwa kwa latitudo za Ulaya, na skrubu inaweza kugoma kwenye nyuzi 11 hivi. Hapo weka mguu mmoja kaskazini na miwili kusini. Kama kutoka mguu wa kaskazini hadi mstari wa ile miwili ni sm 80, inua huo wa kaskazini sm 7 na utapata nyuzi 5 ulizopungukiwa. Mpangilio huo pia unaipa fimbo ya uzito nafasi ya kupita katikati ya miguu miwili bila kugonga. Lakini mzigo wote unaelemea kusini, kwa hiyo mguu wa kaskazini ufungie mfuko wa mchanga kabla hujapandisha darubini.

mwanga_hafifu
Hata ukipata data safi, unaweza kulifuta puto mwenyewe kwenye kompyuta, na ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye picha za Sh2-308. Programu ikipanda yenyewe pointi za usuli (sehemu inazochukulia kuwa anga tupu), huzipanda ndani ya puto, inaona mwanga hafifu na kuuhesabu kama uchafu. Kwenye programu ya Siril tenganisha kwanza H-alfa na OIII, kisha panda pointi kwa mkono, pikseli 700 au zaidi kutoka WR 6 (hiyo ni kama dakika-tao 25). Kaskazini-magharibi nenda mbali zaidi, kwa sababu gesi imepasua ukuta wa puto upande huo na sehemu yake hafifu inapendeza kuliko duara lenyewe.

Ondoa nyota kwa programu ya StarNet kabla ya kunyoosha mwanga wa OIII, yaani kuziangaza sehemu hafifu.

kilimia_dom
Nimeelewa, shukrani sana. Mvua za Desemba zinakaribia. Bado kuna dirisha?

AngaLaKusini
Lipo. Mwanzoni mwa Novemba, kwa Dodoma, Sh2-308 inafika juu kabisa (nyuzi 72, upande wa kusini) karibu saa 11 alfajiri, kunapoanza kupambazuka. Anza saa 7 usiku, unapata kama saa 4 kila siku. Kufikia Novemba 20 inafika juu saa 9 na nusu usiku. Walioko Kajiado au Nanyuki wasubiri kiangazi cha Januari na Februari: katikati ya Januari inafika juu kama saa 6 usiku.