Magofu ya Dürnstein: nimpandishe mama au tubaki chini?

Binti_Moro: Habarini wadau. Mama anakuja kunitembelea hapa Vienna mwezi wa tano, nataka nimpeleke Dürnstein, kale kamji kando ya mto Danube, akaone yale magofu ya ngome juu ya mlima, alipofungwa Mfalme Richard wa Uingereza. Ana miaka 66, goti la kushoto linamsumbua ila hataki kusikia habari ya kubaki chini. Mliopanda, njia ikoje? Kuna kiingilio?

Mpandaji: Kiingilio hakuna dada. Treni mpaka mji wa Krems, halafu basi la kufuata mto. Ila ile njia ni mawe matupu, ngazi hazilingani, moja fupi inayofuata inakufika gotini, mwenye pumzi zake anatumia kama nusu saa. Kupanda mama ataweza mkienda mnapumzika, kazi iko kwenye kushuka. Mimi nilishuka na mzee wangu kanishika bega njia nzima na bado goti lake lilivimba siku tatu, mpaka leo naumia nikikumbuka. Kukiwa na mvua msithubutu.

Kaka_Historia: Juu asitegemee kukuta jumba, Waswidi waliilipua 1645, zimebaki kuta na matundu ya madirisha, ukichungulia unaiona Danube inakata kona na mizabibu imepandwa kwenye matuta ya mawe, hapo utasahau uchovu wote. Msimulie mama kwamba Richard alikamatwa karibu na Vienna Desemba 1192 akirudi kutoka Vita vya Msalaba, Leopold wa Tano, mtawala wa Austria wakati huo, akamfungia huko, fidia ikadaiwa mark 150,000 za fedha! Sehemu ya hiyo hela ndiyo iliyojenga kuta za Vienna, mkipita na tramu barabara ya Ringstraße mwonyeshe, ukuta ulikuwa unapita hapo. Ile ya mwimbaji Blondel kuimba chini ya ngome mpaka mfalme akamwitikia ni hadithi tu, lakini msimulie pia, ni tamu.

Shangazi_Linz: Mwanangu, mpandishe boti Krems. Ukiwa majini unaiona ngome yote, chini yake ule mnara wa kanisa wa bluu. Halafu mle mjini mtembee taratibu, mnunue jemu ya aprikoti, wenyewe wanaita Marille.

Binti_Moro: Shikamoo shangazi, asanteni wote. Nimempigia nikamsomea yote, kasema boti sawa lakini na mlima atapanda mpaka goti likatae, likikataa atakaa hapohapo kwenye jiwe anisubiri, nikifika juu nimpigie simu ya video aone hayo madirisha.