Mrejesho: lile daftari la marehemu mume wangu

Asanteni kwa ushauri. Niliuliza kama nilifungue daftari ambalo marehemu alilificha chini ya sanduku lake la vifaa vya useremala. Wengi mlihisi nyumba ndogo. Nikasubiri eda iishe, ile miezi 4 na siku 10, nikalifungua mbele ya wifi yangu.

Hakuna mwanamke humo. Ni barua kwa mwanetu wa kwanza, aliyefariki mchanga. "Leo ungeanza darasa la kwanza. Viatu ningekununulia vya ngozi, si vya plastiki." Huyo ndiye baba ambaye siku ya maziko hakudondosha chozi!

Wifi alilia sana. Mimi nina hasira: kwa nini hakuniambia, tulie wote? Mama mkwe anataka lichomwe. Sichomi.